Kiitikio Kisichokatika

Jumapili ile, saa kumi na mbili asubuhi, watu mia mbili na kumi na wawili walikuwa wakikimbia kutoka Msamvu kuelekea Bigwa, na barabara nzima haikuwa na sauti isipokuwa vishindo vya raba. Midomo ilifunguka na kufumbika kwa pamoja. Mikono ilirushwa juu kwa pamoja. Mgeni aliyeingia Morogoro jana yake angechungulia dirishani, akafunga pazia haraka na kusema mji huu umelogwa.

Lakini masikioni mwao, jamani! Masikioni mwao palikuwa hapatoshi.

"Mlima huo!" aliita Mjomba Desderi kutoka mbele.

"Tunauona!" waliitikia wote.

"Umelala?"

"Tuuamshe!"

Kifaa kilichofanya maajabu hayo kiliitwa kidundo. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi, na kilibandikwa nyuma ya sikio, juu ya mfupa. Babu zetu walikimbia na vinanda vya mfukoni vyenye nyaya za kuning'inia kifuani, kisha wakakimbia na simu zilizofungwa mkononi kwa mkanda, na vyote hivyo vilicheza kile tu kilichowekwa ndani. Kidundo kilijitungia. Kilipima mapigo ya moyo kupitia mshipa mdogo wa nyuma ya sikio, kikahesabu hatua, kikasoma uchovu wa misuli kwa jinsi mguu ulivyotua chini, kisha kikatunga mdundo palepale, wenye kasi kidogo kuliko moyo wako, ili moyo uufuate. Tena kilipitisha mtetemo mwembamba mfupani, na mtetemo huo ukapunguza kuchoka. Tusidanganyane: uchovu wenyewe haukupungua. Kilichopungua ni habari zake kufika kichwani.

Kipande cha pili, chembamba kama plasta, kilibandikwa kooni. Hicho ndicho kilichonasa mnong'ono wa mvaaji, kikaugeuza kuwa sauti kamili, kikaupeleka masikioni mwa wenzake wote. Kwa hiyo mtu aliweza kunong'ona, wenzake wakasikia ameimba kwa nguvu zake zote, na jirani aliyelala asigeuke hata ubavu.

Mwaka huo wa 2079 kila mtu alikuwa na kidundo. Watu walipikia nacho, walikwenda nacho sokoni, walipanga foleni nacho, na padri alishachoka kuwakumbusha wakivue wakati wa mahubiri. Lakini kilikuwa kimezaliwa kwa ajili ya mchakamchaka, na aliyekizaa alikuwa akikimbia katikati ya kundi hilohilo, jasho likimtoka, roho imemtulia. Alikuwa Mhandisi Bertila Mkude, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mpwa wa Mjomba Desderi.

Kisa chenyewe kilianza pale wakubwa wa jiji walipotunga Sheria ya Utulivu. Majengo yalikuwa yamerefuka, viwanda vilikuwa na zamu usiku kucha, na waliotoka zamu walitaka kulala asubuhi. Ikapigwa marufuku kelele yoyote ya barabarani kabla ya saa mbili. Vikundi vya jogging vikabaki vinatazamana. Utakimbiaje mchakamchaka bila kuimba? Si afadhali ukalale?

Kikundi cha Amsha Mlima kilikuwa na umri wa miaka arobaini, na miaka yote hiyo kilikuwa kimeongozwa na koo moja tu, la Desderi Mkude. Wakati wa marufuku alikuwa na miaka sitini na tisa. Alikuja nyumbani kwa Bertila, akakaa kwenye kiti bila kuegemea, akasema, "Mpwa wangu, wananiua hawa." Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Huyu alikuwa zaidi ya hapo, maana ndiye aliyewalea Bertila na kaka yake Prosper baada ya mama yao kufariki, akawapa na jina lake. Bertila alifanya kazi katika Karakana ya Sauti, kampuni ya vifaa vya muziki. Miezi minane baadaye kidundo cha kwanza kilikuwa nyuma ya sikio la mzee, vingine nyuma ya masikio ya wenzake, na mzee alikuwa analia kama mtoto kwa sababu alikuwa akinong'ona na kuitikiwa na watu mia.

"Sasa naweza kufa," alisema.

"Usife, Mjomba, bado hujalipia kadi ya mwaka," alidakia Prosper, na wote wakacheka.

Huyo Prosper ndiye tumzungumzie kidogo. Alikuwa fundi wa baiskeli za umeme pale Mji Mpya, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Kila Jumapili alikimbia mwisho kabisa, mpaka wakamwita Mkia. Na alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana mji mzima: alichelewa kuitikia. Wenzake waliposema "Tunauona!" yeye alisubiri mpaka wamemaliza, ndipo aseme "...nauona!" peke yake, nyuma kule. Mjomba alimgombeza kwa miaka ishirini, akachoka.

Ugonjwa wake wa pili haukuwa wa kuchekwa. Moyo wake ulikuwa umetanuka. Daktari alimwambia, "Kimbia, itakusaidia. Ila usikimbie kupita pale unapoweza kuimba. Ukiona pumzi ya kuimba imekwisha, simama." Kwa hiyo mchakamchaka ulikuwa dawa yake, na kiitikio kilikuwa kipimo.

Na Mjomba alikijua kipimo hicho kuliko daktari. Mwimbishaji wa zamani hakugeuka nyuma hata siku moja, alisikiliza. Watu walidhani anaimba tu, kumbe anahesabu. Alizijua sauti za watu wake moja moja, na sheria ya kikundi ilikuwa hii: sauti moja ikikosekana mara tatu mfululizo, wote wanasimama. Mwaka fulani alisimamisha kundi zima kwenye mteremko wa Kola kwa sababu ya mwanamke aliyezimia huko nyuma, na alipoulizwa amejuaje, alijibu, "Kuna tundu kwenye kiitikio."

Hapo ndipo Bertila alipokosea, na tuseme ukweli, kosa lenyewe lilionekana kama wema.

Katika majaribio, watu walilalamika. Walisema kupanda kule Bigwa kiitikio kinakonda, kwa sababu wengi wamechoka na hawanong'oni tena. Na kiitikio kikikonda, miguu nayo inakata tamaa. Bertila alikaa mchana mmoja tu, akaunda kijazasauti. Kilijifunza sauti ya kila mwanachama, na mtu akinyamaza au akikohoa, kikajaza pengo lake kwa sauti ileile ya mtu huyo. Hata mwimbishaji akipaliwa na mate, wimbo haukukatika. Manung'uniko mengine kando ya wimbo, kama kupiga chafya au kumtukana mbwa, yalisafishwa yasiwafikie wengine. Wanachama walifurahi mno. Mjomba mwenyewe alisema, "Siku hizi mnaitikia mpaka nasisimka."

Kulikuwa na la pili. Mwanzoni kidundo kilipopoteza mapigo ya moyo kilipiga king'ora papo hapo. Sasa watu wanajikuna! Wanafuta jasho, kifaa kinahama, na gari la wagonjwa linafika kumchukua mtu anayekula muhogo. Baada ya aibu hiyo kutokea mara kumi na tisa, kampuni iliamua kidundo kisubiri dakika ishirini kabla ya kutoa taarifa. Bertila alitia saini. Nani asingetia?

Basi turudi kwenye Jumapili ile.

Walipanda Bigwa kwa nguvu, mdundo ukiwavuta. Bertila alimsikia Prosper akiitikia mwanzo wa mlima, kachelewa kama kawaida, akatabasamu. Kisha mlima ukakaza, akawa na shughuli na mapafu yake mwenyewe. Saa kumi na mbili na dakika arobaini waliingia kiwanjani, wakaanza kunyoosha viungo. Wanawake wa kamati walifunua chai na mihogo. Mjomba aliwaimbisha wimbo wa kufungia, na mia mbili wakamjibu.

"Mkia yuko wapi?" aliuliza mtu.

"Atakuwa amekamatwa na supu njiani."

Walicheka. Bertila naye alicheka, kwa sababu wakati huohuo alikuwa akimsikia kaka yake kwa masikio yake, sauti ileile ya mbuzi, ikiitikia. Kama anaitikia, yupo. Aligeuka kumtafuta. Akatazama kwenye chai, akatazama kwenye uzio, akatazama barabarani. Hakumwona. Sauti iliendelea, safi, pamoja na wenzake.

Pamoja na wenzake.

Bertila aling'oa kidundo. Kiwanja kikanyamaza, watu mia mbili wanachezesha midomo. Akakirudisha: "Tunauona!" alisema Prosper, sawia kabisa na wengine, kama mwanakwaya. Miaka ishirini hakuwahi kuitikia hivyo. Jasho la Bertila lilikuwa jasho la kukimbia. Dakika ile likawa la baridi.

Hakumwambia mtu. Alikivua tena, akarudi mbio alikotoka, peke yake, bila muziki, na uchovu wote uliofichwa ukamwangukia kwa mpigo mmoja. Aliyumba, akajikwaa, akaendelea.

Prosper alikuwa kando ya kalavati, amekaa, mgongo ukiegemea ukuta, kidevu kifuani. Hatua chache kutoka pale mama mmoja alikuwa akichoma vitumbua.

"Huyo ni ndugu yako?" aliuliza mama yule. "Amekaa hapo kitambo. Nilimsalimia hakuitikia. Nikaona ana kidundo, nikasema basi, hawa wa vidundo ndivyo walivyo."

Bertila alimlaza, akambonyeza kifua, akamwita. "Kaka! Kaka Prosper! Prosper, usinifanyie hivyo!" Mama wa vitumbua akaanza kupiga yowe, na yowe hilo halikumfikia mtu, maana waliopita wote walikuwa na muziki wao. Mama huyo alilazimika kusimama katikati ya barabara na kuizuia bajaji kwa mwili wake. Zahanati ilikuwa hatua mia tatu. Mganga alimpokea, akamshughulikia, kisha akaweka vifaa chini.

"Mmechelewa," alisema. "Ndani ya dakika kumi za kwanza tungekuwa na la kufanya."

Bertila, akiwa amepiga magoti, alikitazama kifaa cha mkononi mwake, kilicholia njiani asikisikie. Palikuwa na ujumbe wa saa kumi na mbili na dakika hamsini na moja: *Kidundo namba 88 huenda kimevuliwa. Tafadhali mkumbushe mwanachama akivae vizuri.*

Walimzika Jumanne. Na kwa mila za kwao hakuna msiba bila watani. Mtani wa ukoo, Bi Pili, mwanamke asiye na haya hata chembe, alijifunga raba za marehemu shingoni, akajaza mto tumboni, akakimbia kuzunguka kaburi akihema. "Niitieni wimbo!" alidai. Watu wakamwitia. Alisubiri mpaka wote wamemaliza, kisha akatoa sauti ya mbuzi: "...nauona!" Waombolezaji walicheka machozi yakiwatoka. "Huyu," aliendelea Bi Pili, "hata kifo kilipomwita alichelewa kuitika! Kifo kimekaa pale kalavatini kinamsubiri mpaka kikachoka!"

Mjomba Desderi aliinua mkono. Watu wakanyamaza, maana maneno ya kaburini ni ya mjomba.

"Bi Pili, umetania vizuri, Mungu akubariki," alisema. "Lakini siku ile mwanangu hakuchelewa. Mimi nilimsikia. Kuanzia katikati ya mlima aliitikia sawasawa, neno kwa neno. Nilifurahi, nikasema moyoni, leo Prosper ameshika. Nilitaka nimpongeze tukifika. Kwa hiyo naomba msilie sana. Mtoto alikufa akiimba, na aliimba vizuri."

Wanawake walipiga vigelegele vya huzuni. Bertila alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kaburini, na alitamani limmeze yeye.

Kesho yake alikwenda kazini. Kila kidundo huweka kumbukumbu ya kile kilichonaswa kooni, kabla hakijasafishwa. Alifungua ya namba 88, akaweka sauti juu, akasikiliza.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane: Prosper anaitikia, anachelewa, anahema. Dakika ya ishirini na tisa: haitikii. Kijazasauti kinawaka, kinaimba badala yake. Dakika ya thelathini: mnong'ono.

"Mjomba, ngoja."

Kimya. Kuhema.

"Mjomba, ngoja. Simameni kidogo."

Kisha mara ya tatu, taratibu sana, "Mjomba... ngoja." Dakika ya thelathini na moja mapigo yalipotea. Pembeni ya kila mnong'ono mashine ilikuwa imeandika maneno yaleyale: *Kelele zisizo za wimbo. Zimesafishwa.*

Bertila alisikiliza mara moja tu. Hakuweza mara ya pili.

Mkurugenzi wa Karakana, Bi Yusta, alikuwa mwanamke mpole, na upole wake haukuwa wa kuigiza. Alimshika Bertila mkono. Alimwagizia chai. Alisoma kumbukumbu yote mpaka mwisho.

"Pole sana, mdogo wangu," alisema. "Moyo wake ulikuwa mgonjwa, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi ni moyo."

"Aliita, Bi Yusta."

"Wapi pameandikwa aliita? Hapa pameandikwa kelele."

"Niliyeifundisha iandike hivyo ni mimi."

Bi Yusta alimsogezea kikombe. "Sikiliza. Kuna watu milioni mbili wanaokimbia kwa sababu ya hiki kifaa. Wangapi wangekuwa wameshakufa kwa presha, kwa sukari? Kijazasauti tutakiangalia. Polepole, kwa utaratibu. Lakini ukisema leo, watu watavua, na sheria ipo palepale, vikundi vitakufa. Na huyo mzee? Amezika mtoto akiamini alikufa akiimba. Wewe ndiye utakwenda kumpokonya hilo?"

Hilo ndilo lililomchoma Bertila, kwa sababu lilikuwa kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema ufanye nini pale nguo yenyewe uliishona wewe.

"Nitamwambia," alisema.

"Basi hutaweza kumwambia ukiwa mfanyakazi wangu," Bi Yusta alijibu, naye macho yalikuwa mekundu. Jioni hiyo ufunguo wa Bertila wa kuingilia mtambo wa vidundo ulifutwa, na watu wa ulinzi wakamsindikiza hadi getini.

Ijumaa walianua tanga. Wageni walipotawanyika, Bertila alimkuta Mjomba uani, amekaa kwenye kigoda, kidundo kiko nyuma ya sikio lake na kichwa kinatikisika taratibu.

"Shikamoo, Mjomba."

Hakusikia. Alimgusa bega, ndipo akashtuka.

"Marahaba, mpwa wangu. Njoo ukae. Nilikuwa namsikiliza ndugu yako. Nikiwasha wimbo, bado anaitikia humu ndani. Sijui umefanyaje, lakini Mungu akulipe."

"Mjomba, kivue."

"Kwa nini?"

"Kivue, nina maneno."

Alikivua, akakiweka kiganjani. Bertila alimweleza yote. Hakupamba. Alieleza kijazasauti ni nini na nani alikitengeneza; alieleza dakika ishirini na nani alitia saini. Alimweleza kwamba sauti iliyoitikia sawasawa haikuwa ya Prosper, kwamba kuanzia katikati ya mlima Prosper alikuwa chini. Mzee alisikiliza akiwa amekitazama kile kipunje mkononi.

"Kwa hiyo palikuwa na tundu," alisema mwishoni. "Nawe ukaliziba."

"Ndiyo, Mjomba."

"Aliniita?"

Bertila alikuwa ameomba njia nzima asiulizwe hilo. Angeweza kudanganya. Alimtazama mtu aliyemfundisha kutembea, akashindwa.

"Mara tatu."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Mjomba, ngoja.'"

Mzee hakulia. Alikiweka kidundo chini, kando ya kigoda. "Miaka arobaini," alisema, "sijawahi kuacha mtu barabarani. Hata mmoja." Bertila alipiga magoti akataka kumshika miguu, lakini mzee aliivuta miguu yake, bila hasira, kama mtu aliyeguswa na maji ya moto.

Kisha alisema, "Jumapili nitawaambia mwenyewe. Kabla hatujaondoka. Wavue wote, tuimbe kwa midomo, na wakitaka kutukamata watukamate."

"Nitakuwepo."

"Njoo," alisema. Hakumtazama.

Jumapili ilipofika, Bertila alikuwa Msamvu mapema, masikio matupu. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa heshima ya marehemu. Wengi walivaa kitambaa cheusi mkononi. Walikuwa wameshawasha, wanarukaruka, wanatabasamu kwa muziki asiousikia yeye. Kila aliyemsalimia alimpungia tu.

Mjomba Desderi alikuja na raba zake za zamani na shati lililopigwa pasi. Hakuwa na kidundo. Alisimama mbele yao barabarani, akakohoa, akasema kwa sauti yake halisi, sauti ambayo haikuwa imetumika mitaani kwa miaka miwili: "Ndugu zangu, tusimame kidogo. Nina neno."

Wakaendelea kurukaruka.

"Nasema tusimame! Vueni hivyo vitu!"

Aliinua mikono yote miwili kuwazuia. Jamani, alikuwa amesahau. Kwa miaka arobaini mikono miwili juu ilikuwa ishara yake ya kuanza.

Ilikuwa saa kumi na mbili kamili. Bertila aliona midomo yote ikifunguka kwa pamoja, akaelewa. Kidundo cha mwimbishaji kilikuwa kimya, kwa hiyo kijazasauti kilikuwa kimelijaza pengo lake kama kilivyofundishwa. Masikioni mwa watu wale, Mjomba Desderi alikuwa ameshaita wimbo, kwa sauti ya nguvu, isiyo na kikohozi. Na nyuma kule, bila shaka, Prosper alikuwa anaitikia.

Wakaondoka.

Walimpita mzee kulia na kushoto, kama maji yanavyopita jiwe. "Simameni!" alipiga kelele. Walimtabasamia. Mmoja alimpiga bega kwa upendo. Mwingine alimwonyesha dole gumba. Bertila alimdaka msichana mmoja mkono, akamwonyesha sikio, avue. Msichana akacheka, akidhani anaitwa kucheza, akajichomoa. Alimkimbilia mwingine, na mwingine. Hakuna aliyesimama. Muda si muda ikabaki migongo tu, na vishindo vya raba, na vitambaa vyeusi vikienda juu chini.

"Simameni!" sauti ya mzee ilikuwa imeshapasuka. "Kuna mtu! Kuna mtu tumemwacha!"

Halafu akaanza kuwafukuza.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hakuwa na mdundo wa kumvuta wala mtetemo wa kumficha uchovu. Alikimbia ovyo, mkono kifuani, akiita majina yao mmoja mmoja, mama fulani, baba fulani, Kolumba, Teofili, Asteria. Kundi lilizidi kutokomea. Bertila alimwona akiyumba, akijishika kwenye nguzo ya taa, akiiachia, akiendelea. Alianza kumfuata. Miguu haikwenda. Tangu Jumapili iliyopita alikuwa hajala chakula cha maana, na pumzi ilimkatika kabla ya njia panda.

Alifungua kinywa amwite. Maneno yaliyotoka hakuyachagua.

"Mjomba, ngoja!"

Mzee alisimama palepale. Alibaki amempa mgongo kwa muda, mabega yanapanda na kushuka. Kisha aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akamtazama usoni. Barabara ilikuwa tupu na kimya.

Akaanza kurudi kumchukua.